Karatasi ya miadi na mionzi ya CT ya moyo: uchambuzi wa kisa kimoja, Tabora

Mama wa miaka 49, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, ana miezi minne kifua kinambana. Mara nyingi kinambana akibeba mzigo, mara nyingine akiwa ameketi tu. Ana shinikizo la damu na kila asubuhi humeza atenolol miligramu 50. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya kupumzika haina tatizo. Ekokadiografia (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) inaonyesha moyo unasukuma vizuri. Kipimo cha kutembea kwenye mashine hakikutoa jibu, kwani magoti yalimkataa mapema na atenolol ilizuia mapigo yasipande. Daktari akaomba CT (picha za eksirei za vipande vipande) ya ateri za moyo, mishipa inayoulisha moyo damu.

Ombi hilo ni halali, na ni vizuri kuanza nalo, maana skani isiyo na sababu haina dozi ndogo inayoweza kuitetea. Uwezekano wa ugonjwa kwa mama huyu ni wa kati, si mdogo wala mkubwa, na hapo ndipo CT ina nguvu zaidi: ikionyesha ateri safi, shaka imeondoka. Njia nyingine ya kupata jibu ni angiografia ya mrija, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni, ambayo kwa mkazi wa Tabora huweza kumaanisha kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kilomita 840 kwa reli ya kati.

Kisa hiki tumekipanga kwa ajili ya kufundishia. Mgonjwa si mtu fulani na hospitali si hospitali fulani. Tarakimu ni zile ambazo mashine ya safu 64 yenye mrija mmoja wa eksirei hutoa inapoendeshwa hivi, na makosa ni yale yanayotokea mara kwa mara popote CT ya moyo inapoanza kufanywa.

Karatasi ya dozi ya siku ya kwanza

Skani ilifanyika saa tano asubuhi. Mashine ikaandika hivi:

Skani ya madini ya chokaa kwenye ateri: DLP 60.
Ufuatiliaji wa dawa ya kung'arisha, picha 18: DLP 14.
Ateri za moyo, mzunguko mfululizo, kilovolti 120, CTDIvol miligrei 54, urefu sentimita 21: DLP 1,134.
Jumla: DLP 1,208 mGy·cm.

Kwa asiyezoea: CTDIvol ni wingi wa mionzi ambayo mashine inautoa katika kila kipande, ukipimwa kwa mfano wa plastiki wenye kipenyo cha sentimita 32. DLP ni CTDIvol mara urefu wa eneo lililopigwa. Zote mbili zinaieleza mashine. Hazisemi moja kwa moja mwili wa mama huyu umepokea kiasi gani. Ili kupata makadirio ya milisivati, DLP huzidishwa kwa kigezo. Kigezo cha zamani cha kifua ni 0.014, nacho kinatoa milisivati 16.9. Wataalamu wa CT ya moyo sasa wanapendelea 0.026, kwa sababu eneo la moyo limebeba matiti na mapafu kwa uwiano mkubwa kuliko kifua kizima ambacho kigezo cha zamani kinakiwakilisha. Kwa kigezo hicho, dozi ni milisivati 31. Tofauti hiyo haitokani na mionzi kuongezeka, imetokana na hesabu. Ndiyo maana anayelinganisha hospitali mbili au miaka miwili anapaswa kulinganisha DLP kwa DLP, na akitaja milisivati aseme ametumia kigezo kipi. Mionzi ya asili, ya ardhi na anga, humpa binadamu wastani wa milisivati 2 hadi 3 kwa mwaka duniani.

Pamoja na mionzi yote hiyo, jibu halikupatikana. Ateri ya kulia ilionekana kama imechorwa mara mbili, ishara ya moyo uliosogea wakati wa picha. Aorta, mshipa mkuu utokao moyoni, ilisoma HU (kipimo cha mng'ao kwenye picha) 240 tu, wakati tunapenda ifike 300 na kuzidi. Daktari bingwa wa radiolojia akaandika neno moja kwenye fomu: rudia.

Dozi ilipoanzia

Ukimuuliza radiografa, fundi anayeendesha mashine, kwa nini alitumia mzunguko mfululizo, yaani eksirei isiyozimwa kitanda kikitembea, atakujibu kwa haki kabisa: mapigo yalikuwa 82 kwa dakika. Ukimuuliza kwa nini kilovolti 120, atasema dawa iliingia polepole na alihofia ateri zisingeng'aa. Ukimuuliza kwa nini iliingia polepole, utaambiwa mishipa ya mkono ilikuwa imejificha, muuguzi akapata nafasi ya kanula (mrija mdogo wa mshipani) nyembamba ya pinki tu, nyuma ya kiganja, na pampu ikawekwa mililita 3.5 kwa sekunde. Kila mmoja alifanya alichoweza na mgonjwa aliyefika mbele yake.

Basi turudi nyuma zaidi, kwenye karatasi ya miadi aliyopewa wiki moja kabla. Iliandikwa: "Usile wala kunywa chochote kuanzia saa sita usiku." Mama akatii. Akalala kwa ndugu zake Ng'ambo, Tabora mjini, asubuhi hakugusa maji, na kwa kuwa kidonge humezwa kwa maji, hakumeza atenolol pia. Jana yake hakumeza vilevile, kwa sababu dawa aliisahau nyumbani Urambo na hakuna aliyemwambia kuwa ina maana kwa kipimo hiki.

Atenolol ikiachwa ghafla, mapigo hayarudi tu pale yalipokuwa kabla ya dawa. Yanaweza kupanda zaidi, kwa sababu mwili ulishazoea kuzuiwa. Kukosa maji kunayaongeza tena, na maji hayo hayo yakipungua mishipa ya mkono inanywea. Sentensi moja kwenye karatasi ikazaa mapigo 82 na kanula ndogo. Mapigo 82 yakazaa mzunguko mfululizo. Kanula ndogo ikazaa kilovolti 120. Sehemu kubwa ya mionzi ya mama huyu iliamuliwa na karatasi, kabla hajavua khanga kuingia chumba cha mashine.

Tena katazo lenyewe halikuwa na sababu ya kutosha. Kwa dawa za kung'arisha za iodini zinazotumika siku hizi, kufunga kula kwa saa kumi na moja hakuhitajiki. Kuacha chakula kizito saa mbili tatu kabla kunatosha kwa tumbo la mtu, na maji yanaruhusiwa, yanahimizwa hata. Kinachostahili kukatazwa ni kahawa, chai ya rangi nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu, saa 12 kabla, kwa sababu kafeini inapandisha mapigo.

Kwa nini mapigo yanaamua mionzi

Moyo unaopiga mara 82 una milisekunde 730 kwa kila pigo. Unaopiga mara 58 una milisekunde 1,034. Muda unaoongezeka karibu wote ni wa kulegea, ule ambao ateri zimetulia, kwenye asilimia 70 hadi 80 ya mwendo kati ya R moja, kile kilele kirefu cha ECG, na inayofuata. Mashine inayozunguka kwa sekunde 0.35 inahitaji takriban milisekunde 175 kupata picha moja isiyo na ukungu. Kwenye 58 kuna nafasi ya kutosha. Kwenye 82 utulivu huo umebanwa, na ateri ya kulia, inayokimbia kuliko zote, ndiyo ya kwanza kuharibika.

Mapigo yakiwa ya juu, fundi hutumia mzunguko mfululizo: anapiga pigo zima, kisha baadaye anachagua kipande kilichotulia. Kitanda hutembea polepole sana, pichi ya 0.2, yaani kila mzunguko kinasogea sehemu moja ya tano ya upana wa mionzi. Maana yake kila sentimita ya kifua inapita ndani ya mionzi kwa muda wa mizunguko mitano, yaani sekunde 1.75. Sehemu kubwa ya data hiyo hutupwa bila kutazamwa. Katika skani ya hatua kwa hatua mashine hungoja R, inahesabu, inawasha eksirei kwa takriban milisekunde 230 wakati moyo umelegea, inazima, inasogeza kitanda, inangoja tena. Mionzi hupungua kwa theluthi mbili au zaidi kwa badiliko hili peke yake, na hakuna kitufe kingine kwenye mashine chenye uzito huo.

Mzunguko mfululizo bado una kazi yake. Mapigo yasiyo na mpangilio, mgonjwa asiyeweza kupewa dawa ya kupunguza mapigo, au daktari anayehitaji kuona vali zikifunguka na kufunga, hao wanauhitaji. Lakini hata hapo kuna namna ya kushusha mkondo wa mrija hadi asilimia 20 au chini yake nje ya kipindi cha utulivu. Katika kisa chetu ilikuwa imezimwa, kwa sababu protokoli (mpangilio wa skani uliohifadhiwa kwenye mashine) iliyofunguliwa ni ile ya kupima utendaji wa moyo, ambayo ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Utendaji wa moyo ulikuwa umeshapimwa kwa ekokadiografia. Hakuna aliyeuhitaji.

Sentimita saba za bure

Hili linaumiza kwa sababu halina hata kisingizio cha mapigo. Moyo wa mtu mzima, kutoka chini kidogo ya mgawanyiko wa koo la hewa hadi chini ya ncha ya moyo, unachukua sentimita 12 hadi 14. Hapa zilipigwa 21, kutoka usawa wa mifupa ya mtulinga hadi ini. Mwenye upasuaji wa kupandikiza mishipa ndiye anayehitaji kuanzia juu kiasi hicho. Mama huyu hajawahi kupasuliwa.

Chanzo ni pumzi. Picha ya kupangia ilipigwa mama akipumua kawaida, kisha skani ikafanywa akiwa amevuta pumzi ndani. Mtu akivuta pumzi kiwambo kinashuka, na moyo unashuka nacho. Radiografa anajua hilo, hajui tu utashuka kiasi gani, hivyo anaongeza juu na chini "kwa usalama". Dawa yake ni kupiga picha ya kupangia katika pumzi ile ile itakayotumika kwenye skani. Zaidi ya hapo, skani ya madini ya chokaa ilikuwa tayari imeuonyesha moyo wote vipande kwa vipande. Kupima juu na chini kwenye picha hizo huchukua nusu dakika, na kipimo chake ni sahihi kuliko kivuli cha picha ya kupangia.

Kilovolti

Iodini inazuia eksirei vizuri zaidi kadiri nishati ya eksirei inavyokaribia kiloelektronivolti 33 kutoka juu. Kwa kushuka kutoka kilovolti 120 hadi 100, iodini ile ile ndani ya ateri inang'aa takriban robo zaidi, na kwa miliampia (wingi wa mkondo wa mrija) zile zile mionzi inapungua kwa karibu theluthi moja. Picha inakuwa na chembechembe zaidi, lakini ateri nayo inang'aa zaidi, kwa hiyo uwiano hauharibiki sana. Kwa mgonjwa asiyezidi kilo 90 au BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 30, kilovolti 100 ndipo pa kuanzia. Mama huyu ana kilo 68 na urefu wa sentimita 158, BMI 27. Yaani hofu ya kwamba ateri zisingeng'aa ilipaswa kumpeleka fundi kwenye 100, si 120. Wengi hukosea hapa kwa sababu katika eksirei za kawaida kuongeza kilovolti ni kuongeza nguvu ya kupenya, na mkono umeshazoea.

Tahadhari: kwenye baadhi ya mashine, ukishusha kilovolti, mfumo wa kujirekebisha unapandisha miliampia ili kulinda ulaini wa picha, na faida yote inaliwa kimyakimya. Angalia CTDIvol inayotabiriwa kwenye skrini kabla na baada ya kubadilisha. Isiposhuka, hujabadilisha kitu.

Je, arudiwe?

Ndani ya timu mtu anaweza kusema: ameshapata mionzi mingi, asipigwe tena. Ni huruma ya kweli, lakini hoja yake haisimami. Kwa mfano wa hatari unaotumika katika kinga ya mionzi, hatari ya skani ijayo ni ile ile, awe amepata mionzi jana au hajapata. Kinachopaswa kuulizwa ni kama swali la daktari bado liko pale, na kama skani mpya inaweza kulijibu. Swali lipo: kifua bado kinabana. Skani ya kwanza imesaidia kidogo, kwani madini ya chokaa yalikuwa sifuri, ingawa sifuri peke yake kwa mwenye maumivu haiondoi uwezekano wa utando laini usio na chokaa.

Kosa lingekuwa kurudia siku ile ile, kwa mapigo yale yale, kanula ile ile. Angepata mionzi mara mbili na ukungu mara mbili, na dawa ya iodini mara mbili kwenye figo zilizokosa maji. Uamuzi sahihi ni kumwambia ukweli, kumpangia wiki tatu mbele, kupima kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), na kubadilisha kila kilichoharibu mara ya kwanza.

Kumwambia ukweli kunahitaji maneno ya kawaida. Milisivati hazikutengenezwa kumtabiria mtu mmoja saratani, ni kipimo cha kulinganisha vipimo na vipimo. Kwa hiyo usimpe mama asilimia. Anaweza kuambiwa hivi:

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mmeona nini?"

"Picha hazikutoka vizuri, moyo ulikuwa unakimbia. Kosa si lako, ni maelekezo tuliyokupa. Mionzi uliyopata ilikuwa mingi kuliko ilivyohitajika. Haikuumizi leo, na uwezekano wa kukuletea madhara baadaye ni mdogo, ila hatutaki kukuongezea ya bure. Ukirudi, tutatumia kidogo sana kuliko ile."

"Na dawa zangu za presha?"

"Meza kama kawaida. Hata asubuhi ya kuja."

Siku ya pili

Amefika saa mbili asubuhi, amekunywa maji, amemeza atenolol. Presha 138/84, mapigo 67. Wapumzishe watu wa namna hii mahali palipotulia, si kwenye benchi la wagonjwa wa dharura. Maswali kabla ya dawa ya ziada: ana pumu au amewahi kutumia dawa ya kuvuta? Ana moyo kushindwa kazi kwa sasa, miguu kuvimba, kukosa pumzi akilala? ECG inaonyesha mkwamo wa umeme wa moyo? Namba ya juu ya presha iko chini ya 100? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linasimamisha dawa. Majibu yote yakiwa hapana, daktari akaandika metoprolol miligramu 50 ya kumeza, saa moja kabla. Kwa mtu ambaye hatumii kabisa dawa za kundi hili, 50 hadi 100 ndiyo kawaida. Huyu tayari ana atenolol, kwa hiyo kiasi cha chini, na presha hupimwa tena kabla hajaingia na kabla hajaondoka. Baada ya saa moja mapigo yalikuwa 59.

Mwanamke wa umri huu bado anaulizwa hedhi ya mwisho. Asipokuwa na hakika, anapimwa mimba.

Kanula ya kijani, 18G, kwenye kiwiko cha mkono wa kulia. Ijaribiwe kwa maji ya chumvi kwa kasi ile ile ya pampu kabla ya dawa. Mkono wa kulia una njia fupi, na dawa nzito haibaki kwenye mshipa wa kushoto unaopita mbele ya aorta.

Elektrodi za ECG hudharauliwa, na hugharimu dozi. Miezi ya joto ya Tabora, Septemba na Oktoba, jeli ya pakiti iliyofunguliwa jana huwa imeshakauka. Ngozi yenye mafuta ya kujipaka au jasho inaidhoofisha zaidi. Safisha kwa spiriti, kausha, bandika mahali penye nyama badala ya juu ya mfupa wa mtulinga, angalia R iwe ndefu kuliko T, wimbi linaloifuata, kwa tofauti inayoonekana. Mashine ikiisoma T kama R, itawasha eksirei wakati moyo unakimbia, na picha zote za hatua hiyo zinaharibika. Mikono iwe juu na nyaya zitoke nje ya eneo la picha.

Mgonjwa awekwe katikati kabisa ya duara, juu na chini pia. Kichujio cha eksirei kimetengenezwa kikidhani kifua kipo katikati. Kifua kikishuka sentimita chache, upande mmoja wa ngozi unapata mionzi zaidi na mfumo wa kupanga miliampia unasoma mwili mkubwa au mdogo kuliko ulivyo. Wanawake wanene kiasi na wenye matiti makubwa mara nyingi huwekwa chini mno, kwa sababu fundi anapima kwa jicho kutoka mgongoni.

Pumzi ifanyiwe mazoezi mara mbili, huku ukitazama mapigo. "Vuta pumzi kiasi, usijaze kifua. Shikilia. Usikaze tumbo." Mtu akijaza kifua na kukaza kama anayenyanyua gunia, damu yenye dawa inazuiwa kuingia moyoni na mapigo yanaruka. Sauti iliyokuja na mashine mara nyingi ni ya Kiingereza. Rekodi ya Kiswahili yenye sauti tulivu inatengenezwa kwa dakika tano, na kwa wazee wa vijijini Uyui au Sikonge, ya Kinyamwezi itafaa kuliko zote. Mgonjwa ambaye hakuelewa "shikilia" atapumua katikati ya hatua ya tatu, na hapo unarudia.

Dakika tano kabla ya skani, nitroglisirini kidonge cha chini ya ulimi, miligramu 0.5, kwa sababu presha yake inaruhusu. Ateri zinapanuka na kuonekana vizuri. Mapigo yanaweza kupanda kidogo, hivyo usishangae 59 ikiwa 61. Wanaume waulizwe faragha kuhusu sildenafil ndani ya saa 24 au tadalafil ndani ya saa 48. Mke akiwa pembeni hawatasema.

Skani ya madini ya chokaa haikurudiwa, jibu lake lilikuwepo, na picha zake zilishaonyesha moyo una sentimita 12.6. Kwenye skani ya hatua kwa hatua urefu una tabia yake. Kila hatua inafunika takriban sentimita 4 na kitanda kinasogea 3.5, hatua nne zinatosha sentimita 14. Ukivuta mstari hadi 14.8, mashine haiongezi milimita nane, inaongeza hatua nzima. Kabla ya kubonyeza, hesabu hatua, kisha jaribu kupunguza nusu sentimita uone kama moja inaondoka na moyo bado umo.

Muda wa ziada wa kuwasha eksirei kabla na baada ya asilimia 75 ya mwendo wa R hadi R uliwekwa sifuri. Kuongeza milisekunde 50 kila upande kungefanya mwako wa 230 kuwa 330, dozi zaidi kwa asilimia 43, na kwa mapigo 59 yaliyotulia hakuna kinachonunuliwa kwa bei hiyo. Mapigo yakiyumba kati ya 60 na 68, hapo ziada kidogo ina maana, kwani kurudia ni ghali kuliko hiyo 43.

Dawa yenye miligramu 350 za iodini kwa kila mililita, mililita 70 kwa kasi ya 5 kwa sekunde, ikifuatwa na maji ya chumvi 40 kwa kasi hiyo hiyo. Ufuatiliaji kwenye aorta ulianza sekunde ya 10, kila baada ya sekunde 2, kwa mkondo wa chini. Picha 5 zilitosha. Siku ya kwanza ulianza dawa ilipoanza kuingia, kila sekunde, ndiyo maana zilikuwa 18, nyingi zikiangalia aorta isiyo na kitu.

Karatasi ya dozi: ufuatiliaji DLP 4, ateri za moyo CTDIvol 11 kwa sentimita 14, DLP 154. Jumla 158. Kwa kigezo cha 0.014 ni milisivati 2.2, kwa 0.026 ni 4.1. Imepungua asilimia 87.

Ukitaka kujua nani alileta nini, hesabu kwa mfuatano: 54 mara sentimita 14 badala ya 21 inatoa 756 badala ya 1,134. Kilovolti 100 inaishusha hadi takriban 490. Hatua kwa hatua inaishusha hadi 154. Mashine ni ile ile, haikununuliwa programu yoyote. Kwenye mashine zenye ujenzi wa picha wa kurudiarudia, miliampia zinaweza kupunguzwa tena, lakini hiyo ni nyongeza ya baadaye.

Picha zilikuwa na chembechembe zaidi kuliko za kwanza. Msomaji aliyezoea picha laini atalalamika, na lazima atangulie kuambiwa. Aorta ilisoma HU 410, ateri ya kulia ilifuatwa kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna mahali palipobana, hakuna utando laini. Maumivu yake yatatafutiwa chanzo kingine, kuanzia umio na tumbo.

Kinga ya risasi

Ndugu wa wagonjwa huuliza kwa nini mama hakuvikwa aproni. Matiti yako ndani ya mionzi yenyewe, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilipandisha uzito wa titi katika hesabu ya dozi kutoka 0.05 hadi 0.12, kwa hiyo swali lao ni zito. Lakini risasi juu ya kifua ingezuia kile tunachotaka kuona, na vitambaa vya bismuthi juu ya matiti huleta michirizi juu ya moyo na kuchanganya mfumo wa miliampia. Kupunguza kilovolti na urefu kunalinda titi bila kuharibu picha. Aproni juu ya nyonga haina kazi kubwa hapa, kwani mionzi michache inayofika huko inapitia ndani ya mwili.

Kilichobadilishwa

Protokoli ya hatua kwa hatua, kilovolti 100, ikawekwa ya kwanza kwenye orodha kwa jina la Kiswahili, "Moyo, mapigo chini ya 65". Ile ya utendaji ikashushwa chini na kuwashiwa upunguzaji wa mkondo. Betri ya akiba ya mashine ikaingizwa kwenye ukaguzi wa asubuhi, kwa kuwa umeme ukikatika katika hatua ya tatu skani inaanza upya. Daftari likafunguliwa: uzito, mapigo wakati wa skani, kilovolti, urefu, CTDIvol, DLP. Wagonjwa 20 hadi 30 wakitimia, DLP ya katikati yao ndiyo kipimo cha kujilinganisha nacho, na atakayeizidi mara mbili faili lake lifunguliwe wiki hiyo hiyo.

Na karatasi ya miadi ikaandikwa upya, kwa herufi kubwa zinazosomeka bila miwani:

"Meza dawa zako zote za presha na moyo kama kawaida, pamoja na asubuhi ya kipimo. Njoo nazo. Kunywa maji. Usinywe kahawa, chai wala kinywaji cha kuongeza nguvu tangu jana yake jioni. Kula chakula chepesi, muda usiopungua saa tatu kabla ya kipimo. Kama una pumu, au unaweza kuwa mjamzito, tuambie kabla ya siku ya kipimo. Fika saa mbili kabla ya muda wa miadi yako upumzike."